Matroni na Mashuka ya Wageni

Matroni alinusa mashuka jinsi wengine wanavyonusa maziwa, kujua kama yameharibika. Alisimama mbele ya kamba ya nguo, akashika pindo la shuka kwa vidole viwili, akalipeleka puani na kufumba macho. Likinuka sabuni na jua, aliliachia akaendelea na la pili. Likibaki na harufu ya mtu, hata kidogo tu, alilivuta likaanguka mchangani, akamtazama mtoto aliyelifua, akasema neno moja: "Rudia."

Nilimwona akifanya hivyo siku ya pili tangu nifike kwenye makao ya watoto, nje kidogo ya Mutomo. Mimi nilikuwa mtu wa maji. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijajua kukaa mahali pamoja. Nimechanganya kokoto Malili, nimeuzia madereva wa malori nyanya pale Salama, nimechunga ng'ombe wa watu. Kwenye makao nilipewa punda wawili na mkokoteni, nikawa nateka maji kwenye visima vya mchanga mtoni na kuyaleta jikoni. Kilikuwa kibarua cha mwezi mmoja. Nilikaa karibu miaka minne, na sababu ilikuwa yeye. Sijapata kukutana na mtu mwingine aliyenishinda kumwelewa namna ile.

"Ulikimbia kusoma vitabu," aliniambia siku moja aliponikuta nimeegemea mlango wa bweni nikimsikiliza akiwagombeza wasichana, "sasa unataka kusoma watu. Ondoa hao punda kwenye sukumawiki yangu."

Makao yalikuwa ya kanisa, na kanisa lilikuwa na marafiki ng'ambo. Kila baada ya miezi kadhaa walikuja wageni kujitolea, wengine kwa wiki mbili, wengine kwa miezi mitatu. Walilala kwenye nyumba yao ndogo yenye vitanda sita na vyandarua vyeupe. Waliamka mapema, wakakaa duara kwenye veranda na Biblia zao na gitaa moja, wakaimba, wakajipaka mafuta ya kuzuia jua mpaka masikio yakawa meupe, kisha wakanywa uji na watoto. Na kila mgeni, apende asipende, alipata mtoto wake: yule anayembeba, anayemkalisha karibu wakati wa kuimba, anayempiga picha nyingi kuliko wengine.

Siku ya kuondoka watu walilia. Gari likishatoka langoni, kabla vumbi halijatua, Matroni alimwita mtoto yule kwa jina, akampa beseni na kipande cha sabuni, akamtuma akatoe shuka la mgeni wake kitandani alifue. Wenzake walikwenda kucheza. Yeye alifua.

"Mtoto akiosha harufu ya mtu kwa mikono yake mwenyewe," alisema, "hatakwenda kumtafuta langoni."

Niliwahi kumwambia kwamba huo ni ukatili. Hakukasirika.

"Ni ukatili, ndiyo. Wewe umewahi kutoa funza kwenye mguu wa mtoto? Huwa unambembeleza funza?"

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mgongo ulionyooka kama wa askari, na kitambaa cha kichwani ambacho hakuna aliyewahi kukiona kimelegea. Sikumwona akimpiga mtoto hata mara moja. Wapishi walimwogopa, mchungaji alimwogopa, na nadhani hata punda wangu walimwogopa, kwa sababu walipomwona waliacha kula. Lakini watoto thelathini na kitu walishiba kila siku, hata mwaka ule mahindi yalipokauka shambani yakiwa kimo cha goti. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ilipokuwa kidogo, alipakua yeye mwenyewe, na sahani yake ilikuwa ya mwisho. Wakati mwingine ilikuwa tupu. Aliketi nayo hivyo hivyo, tupu, akala hewa kwa kijiko ili watoto wasitambue. Halafu mtoto akimwaga chakula alimwambia mbele ya wote: "Asante. Leo kunguru wamepata mfadhili."

Sala yake ya chakula ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kusikia: "Mungu, tuko hai, asante, wale." Wageni walidhani bado anajiandaa kuanza.

Kuhusu ukuta. Ukuta wa bweni la wavulana ulipakwa rangi na kila kundi la wageni, kwa sababu ndiyo kazi waliyoiweza. Wiki moja kabla ya kundi jipya kufika, Matroni aliwapanga watoto uani, akawagawia makaa na matope, akawaamuru wauchafue. Hiyo ilikuwa siku waliyoipenda kuliko Krismasi. Wageni walipofika waliukuta ukuta ukisikitisha, wakatazamana kwa huruma, wakafungua mikebe yao. Rangi ilikuwa imelundikana mpaka ukigonga kwa kucha inabanduka kama ganda la muhogo, bluu juu ya njano juu ya bluu.

"Mgeni akikosa kazi," alinieleza, "atatafuta mtoto wa kubeba."

Alikuwa pia ndiye mkalimani. Wageni walizungumza Kiingereza, na watoto wadogo walikuwa bado na Kikamba na Kiswahili cha kuokota. Nakumbuka mgeni mmoja mnene, mzee, mtu mwema machoni, aliyesimama kanisani siku ya mwisho akilia na kusema kwamba wao sasa ni familia moja na watoto hawa, na kwamba hatawasahau hata mmoja wao mpaka kufa. Kiingereza changu ni cha barabarani, lakini hayo niliyaelewa. Matroni alimsikiliza mpaka mwisho, akawageukia watoto.

"Mgeni anasema mnawe mikono kabla ya kula. Na ninyi wa darasa la tatu mwache kukojoa nyuma ya jiko."

"Amina!" watoto wakaitikia kwa sauti moja. Mgeni akalia zaidi.

Nje nilimwambia, "Matroni, sivyo alivyosema."

"Alichosema kitaishia uwanja wa ndege," akajibu. "Kunawa mikono hakuishi."

Hakudanganya watoto. Nalisema hili nikijua linagongana na hilo la ukalimani, lakini ndivyo alivyojihesabu: kufupisha maneno ya mgeni haikuwa uongo, ilikuwa kupepeta. Yeye mwenyewe akiulizwa na mtoto, alijibu kilicho kweli. Kulikuwa na mvulana wa miaka minne, Kimanzi, ambaye mgeni mmoja alimwambia kwamba mama yake amelala kwa Yesu. Mtoto akaanza kuuliza kila asubuhi mama ataamka saa ngapi. Siku ya tatu Matroni aliniagiza nifunge punda. Tulisafiri asubuhi nzima mpaka kwenye boma alikotolewa yule mtoto, tukapata rundo la mawe na mwiba uliowekwa juu kuzuia mbuzi. Akamketisha Kimanzi juu ya mawe, akammenyea yai la kuchemsha.

"Yuko hapa chini," akamwambia. "Hatoki. Kula."

Mtoto akala. Niligeuka nikatazama punda. Wakati wa kurudi alilala kwenye mapaja ya Matroni njia yote, na yeye alikaa bila kusogeza mguu, jua likimchoma upande mmoja wa uso, mpaka tukafika. Kushuka ilibidi nimshike mkono, miguu ilikuwa imekufa ganzi. "Unatazama nini?" akaniuliza. Kimanzi hakuuliza tena.

Basi alikuja mgeni aliyemshinda.

Alikuja peke yake, bila kundi, siku ambayo mvua ilinyesha baada ya kiangazi kirefu, kwa hiyo wapishi wakamwita Mumbua, jina wanalopewa wasichana waliozaliwa na mvua. Hakushika brashi ya rangi. Alisugua masufuria, alikula muthokoi bila kuuliza ni nini, alijifunza kusuka nywele za wasichana. Na alijifunza Kiswahili. Alikichukua kwa wapishi na kwangu, neno moja moja, akiandika kwenye kijitabu, na baada ya miezi mitatu alikuwa anatania watu. Kila mtu alimpenda. Matroni alimtazama kama unavyotazama wingu jeusi wakati mahindi yameanikwa.

Mtoto wake alikuwa Ndanu, wa miaka minane, aliyekuwa hasemi sana. Mama yake alikuwa amezikwa, na baba hakujulikana. Alijikunja chini ya kwapa la Mumbua kila jioni, na taratibu akaanza kuongea, kisha akawa mwongeaji, kisha akawa anacheka mpaka anapaliwa. Nisiseme kwamba hayo yalikuwa mabaya. Niliyaona.

Asubuhi ya kuondoka, Mumbua alipiga magoti kando ya gari. Matroni alikuwa amesimama hapo hapo, amembebea mkoba. Na Mumbua akasema, kwa Kiswahili chake kizuri, kila mtu akisikia:

"Ndanu, nitarudi kukuchukua. Uningoje."

Hapakuwa na cha kutafsiri. Mkono wa Matroni ukafunguka, mkoba ukaanguka.

Ndanu alipewa beseni. Alikuwa na akili: alilitumbukiza shuka majini bila sabuni, akalitoa, akalianika. Matroni alikuja, akanusa, akalivuta chini. "Rudia." Mara ya pili alitia sabuni kwenye kona tu. "Rudia." Maji yakaisha, nikatumwa mtoni kwa ajili ya shuka moja, wakati jikoni walikuwa wanapimiana kwa kikombe. Mara ya tatu Ndanu alisugua mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Matroni akanusa, akaliachia likining'inia. Kisha akachuchumaa, akampaka mafuta kwenye vidole kimoja kimoja, kama mtu anayepaka mafuta bawaba za mlango.

Na ilifaulu. Hapo ndipo panaponiuma. Wiki nzima Ndanu hakwenda langoni. Alicheza, alikula. Wiki ya pili alinifuata nikipakua mitungi.

"Anko Maji, wewe una namba ya Mumbua?"

"Ninayo." Na kweli nilikuwa nayo.

"Amepiga?"

Hakuwa amepiga. Lakini nilimtazama yule mtoto, na nikataka kujua uso wake utakuwaje. Sina maelezo mengine. "Amepiga," nikasema. "Anakusalimia. Atakuja na mvua ya Novemba."

Uso ule nimeuona mara nyingi tangu siku hiyo nikiwa nimefumba macho.

Baadaye haikuwa kazi. Kila siku mbili tatu nilimletea kitu pamoja na maji: Mumbua ana paka mwenye mkia mfupi, Mumbua anamshonea gauni, Mumbua amegombana na dirisha lisilofunga. Nilikuwa fundi wa hayo mambo, na nilifurahia ufundi wangu. Ndanu akaanza kukaa langoni. Novemba ikanyesha na kupita, nikamwambia alimaanisha mvua ya Aprili. Matroni aliona, akadhani shuka limeshindwa. Nilimsikia akimwambia mpishi kwamba amezeeka, pua yake imekufa.

Kabla ya Aprili alikuja mama mdogo wa Ndanu, dada wa marehemu mama yake, kutoka Makueni. Alikuwa ameolewa na mtu mwenye nyumba na shamba la mbaazi, na baada ya kuombwa kwa miaka, mume huyo alikuwa amekubali mtoto aletwe. Alikuja na barua ya chifu, na afisa wa watoto, na kiondo cha mbaazi kama shukrani kwa makao, na viatu vya kuazima vilivyomzidi mguu. Walikaa kwenye veranda. Mimi nilikuwa napakua maji hatua kumi kutoka hapo, na sikwenda mbali, maana sijui kwenda mbali na mazungumzo.

"Unamjua huyu?" afisa akamuuliza Ndanu.

"Ni mama mdogo."

"Unataka kwenda kukaa naye?"

Ndanu alimtazama mama mdogo kwa muda. Unaona kabisa kwamba alitaka. Akasema, "Siwezi. Mumbua anakuja Aprili. Akinikosa je?"

"Mumbua ni nani?" mama mdogo akauliza.

"Ni mgeni," Matroni akasema. "Aliondoka. Harudi."

"Amepiga!" Ndanu akasema. "Anko Maji ameongea naye. Anko, si amepiga?"

Wote wanne wakanigeukia. Neno moja lingetosha. Nilikuwa nimeshika mtungi kwa mikono miwili, na mtoto ananitazama kwa uso ule ule nilioutengeneza mwenyewe. Nikatikisa kichwa kukubali.

Mama mdogo akavitazama viatu vyake. "Sawa," akasema. "Kama ana mzungu wake, sisi watu wa mbaazi tutampa nini?" Afisa akaandika kwamba mtoto amekataa. Kiondo akakiacha. Matroni alimtuma mchungaji kule Makueni baada ya siku chache, akarudi na jibu la mume: mtoto amechagua, tusisumbuane.

Lakini Matroni hakungoja siku chache kwangu. Vumbi la yule mama lilikuwa bado hewani alipokuja nyuma ya jiko na kunyoosha mkono.

"Lete simu. Nionyeshe siku aliyopiga."

"Hakupiga."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akaketi juu ya mtungi mtupu. Sikuwahi kumwona akiketi katikati ya kazi. "Mimi nilimfulisha shuka," akasema. "Wewe ulimfanyia nini?"

"Nilitaka afurahi, Matroni."

"Hapana. Ulitaka kumtazama akifurahi." Akainuka, akakung'uta sketi. "Utamwambia wewe mwenyewe. Kesho, baada ya uji. Mzigo ni wako, mimi sitaubeba."

Niliondoka kabla ya uji.

Nimezunguka sana tangu hapo, kwa miaka kumi na miwili. Mwaka huu nilikuwa utingo kwenye lori la simiti, likatuharibikia Salama, fundi akasema kifaa kitatoka Nairobi, tungoje. Nikashinda nikiongea na wanawake wa nyanya, na kwa mazoea yangu nikauliza maswali, mmoja akanitajia mama mmoja mzee pale juu ya kilima aliyekuwa mkubwa wa makao ya watoto huko Mutomo, ambaye hununua nyanya moja moja akizinusa. Nikapanda kilima.

Alikuwa ameketi mlangoni, kitambaa kimekaza vile vile. Mikono ilikuwa imevimba kwenye viungo. Macho yalikuwa na ukungu, lakini niliposema hodi tu aliinua kichwa.

"Mtu wa maji. Punda walikufa."

"Pole, Matroni."

"Walikuwa na akili kuliko wewe. Keti."

Alinipa muthokoi, akanitazama nikila, au akasikiliza. Nilimuuliza habari za makao, za wapishi, za Kimanzi. Kimanzi anaendesha tingatinga, ana mtoto. Nilizunguka hivyo mpaka akanichoka.

"Uliza ulichojia."

"Ndanu yuko wapi?"

"Alikuwa hapa. Alilala siku nane, akaondoka wiki tatu zilizopita. Amekwenda Uarabuni kulea watoto wa watu." Akajifuta mikono kwenye sketi. "Alikaa makao mpaka akatimiza umri, hakuja mtu mwingine kumtaka. Ulipoondoka nilimfulisha blanketi lako. Lilinuka punda. Alilifua mara moja tu, sikuhitaji kumwambia arudie."

Kijiko kilinibaki mkononi.

"Na Mumbua?"

"Miaka yote ile hakunitajia. Nilingoja aulize, nimwambie. Hakuuliza. Siku ya mwisho, amefunga begi, amesimama hapo ulipo, akaniuliza: 'Matroni, ni kweli alipiga? Hata mara moja?'"

"Ukamwambia nini?"

Bata wa jirani alipita uani na watoto wake, akarudi.

"Nikamwambia ndiyo, mara moja." Sauti yake ilikuwa kavu. "Watoto wote waliopita mkononi mwangu, sikumdanganya hata mmoja. Na nimekuwa mwongo sasa, sina meno. Wewe ndiye umenifanyia hivyo."

Akaendelea, kama mtu anayetaja bei ya chumvi: "Alinikumbatia. Akaniambia atarudi kunichukua, nikakae naye. Nimngoje."

Kisha akaniamuru niingie ndani, kwenye chumba cha pembeni, nilete kilichoko kitandani. Lilikuwa shuka lenye maua madogo, limekunjamana, mto ungali na shimo la kichwa. Wiki tatu tangu Ndanu aondoke. Nilipotoka nalo nilijisemea labda mikono yake inamuuma, ndiyo sababu halijafuliwa. Lakini kwenye kamba ya uani kulikuwa na magauni yake mawili, taulo na kitambaa cha meza, vyote vyeupe pepe, na yeye alijua nimeviona.

"Beseni liko nyuma ya mlango," akasema. "Sabuni dirishani. Sugua katikati, hapo ndipo mtu hukaa."

Nilifua. Nilisugua katikati. Nililikamua, nikalianika kando ya magauni yake, nikasimama pembeni maji yakinichuruzika viwikoni. Aliinuka kwa kujishikilia ukutani, akaja polepole, akapapasa mpaka akalipata pindo, akalipeleka puani. Alikaa nalo hapo muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa na shuka lolote.

Halafu akalivuta chini.

"Rudia," akasema.